Kuhuisha Tamthilia Kongwe za Muziki: Mwelekezi Kama Mhakiki

Utangulizi

Tamthilia ni utanzu wenye maisha mawili. Maisha ya kwanza ni yale ya kitabuni, ambamo msomaji hukutana na mazungumzo, majina ya wahusika na maelekezo ya jukwaa. Maisha ya pili ni yale ya jukwaani, ambako maneno hayo hayo hupewa sauti, mwili, maleba na mwanga. Katika shule zetu nyingi, mtahiniwa huyajua maisha ya kwanza peke yake. Huisoma tamthilia kama asomavyo riwaya, akakariri sifa za wahusika, kisha akaingia katika chumba cha mtihani akiamini kwamba kila mhusika ana sifa zake maalumu, haziongezeki wala hazipungui.

Imani hii humgharimu. Swali linapomtaka ajadili au athibitishe, yeye huorodhesha. Anapoulizwa iwapo mhusika fulani anastahili kulaumiwa, hutafuta jibu katika mwongozo badala ya kulitafuta katika tamthilia yenyewe.

Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba maana ya tamthilia haikamiliki siku mwandishi anapoweka kalamu chini. Tutachunguza jinsi waelekezi wa Marekani na Uingereza walivyozirudisha jukwaani tamthilia kongwe za muziki kwa namna iliyowashtua waliodhani wanazijua. Kisha tutaugeukia mfano wa hapa kwetu. Hoja yetu kuu ni kwamba mwelekezi shupavu ni mhakiki. Sheria inayomfunga ndiyo inayomfunga mtahiniwa: dai lolote analotoa sharti liwe na mhimili katika matini.

Maana ya kuhuisha

Tamthilia ya muziki ni mchezo ambao hadithi yake husukumwa mbele na mambo matatu: mazungumzo, nyimbo na ngoma. Nyimbo zake si burudani ya kumpumzisha mtazamaji baina ya maonyesho. Mhusika huimba pale ambapo maneno ya kawaida hayatoshi kubeba yaliyo moyoni mwake.

Kuhuisha tamthilia ni kuiigiza upya baada ya onyesho lake la awali kukoma. Kuna kuhuisha kwa kuiga, ambapo mwelekezi hujitahidi kurudisha mandhari, maleba na miondoko ile ile ya zamani. Kuna pia kuhuisha kwa kufasiri, ambapo mwelekezi huisoma matini kana kwamba imeandikwa jana, akauliza: maneno haya yanasema nini leo? Ni aina hii ya pili inayotuhusu.

Oklahoma! ya mwaka 1943

Hebu tuanze na tamthilia iitwayo Oklahoma!, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza kwenye jukwaa la Broadway jijini New York tarehe 31 Machi 1943. Muziki ulitungwa na Richard Rodgers, naye Oscar Hammerstein II akaandika mazungumzo na maneno ya nyimbo. Kisa chenyewe kilitokana na tamthilia ya Lynn Riggs ya mwaka 1931, Green Grow the Lilacs. Onyesho hilo la kwanza liliigizwa mara 2,212, idadi iliyokuwa kubwa mno kwa wakati huo.

Ploti yake ni nyepesi kuisimulia. Tuko mwaka 1906, katika eneo ambalo mwaka uliofuata lingekuwa jimbo la Oklahoma. Msichana Laurey anapendwa na wanaume wawili: Curly, mchunga ng'ombe mchangamfu, na Jud Fry, kibarua anayefanya kazi shambani kwa Laurey na kulala katika kibanda cha kukaushia nyama. Panapofanyika mnada wa vikapu vya chakula vilivyoandaliwa na wasichana, Curly anauza tandiko lake, farasi wake na bunduki yake ili akipate kikapu cha Laurey na kumshinda Jud. Laurey anaolewa na Curly. Usiku wa harusi Jud anatokea akiwa amelewa, anamvamia Curly kwa kisu, wanapigana, naye Jud anakiangukia kisu chake mwenyewe, nacho kinamuua. Inaundwa mahakama ya dharura papo hapo nyumbani, Curly anaondolewa hatia, na maharusi wanaondoka kwa furaha.

Kumbuka mwaka wenyewe. Mnamo 1943 Marekani ilikuwa vitani, na vijana wengi walikuwa wakipelekwa ng'ambo kupigana. Mchezo uliosifu ardhi, mahindi, ndoa na jimbo linalozaliwa ulikuwa faraja kwa taifa lenye hofu. Hadhira ya wakati huo ilimwona Jud kama kiza kinachopaswa kuondoka ili jua lichomoze. Ndivyo mchezo huu ulivyoendelea kueleweka kwa miongo mingi, hata ukawa mchezo wa kuchezwa na wanafunzi katika shule za Marekani bila yeyote kuhofu.

Oklahoma! ya mwaka 2019

Mwelekezi Daniel Fish aliisoma matini hiyo hiyo akaona jambo jingine. Alianza na wanafunzi katika Chuo cha Bard mwaka 2007, akarudi huko na waigizaji wa kulipwa mwaka 2015, na hatimaye mwaka 2019 akaifikisha Broadway, katika ukumbi wa Circle in the Square. Tazama hatua alizochukua.

Kwanza, mandhari. Aliondoa mashamba yaliyochorwa na anga ya buluu. Badala yake palikuwa na meza ndefu za mbao kama za karamu ya kijiji, na kutani zilitundikwa bunduki nyingi. Taa za ukumbi ziliachwa zikiwaka kwa muda mrefu, hivi kwamba mtazamaji aliwaona watazamaji wenzake. Wakati wa mapumziko hadhira iliandaliwa mchuzi wa maharagwe wenye pilipili na mkate wa mahindi. Unaona alichokifanya? Aliigeuza hadhira kuwa wanakijiji. Aliyekula katika karamu hawezi tena kusema kwamba yaliyotendeka pale hayamhusu.

Pili, muziki. Okestra ilipunguzwa ikabaki na wanamuziki saba. Nyimbo zilizozoeleka kwa shangwe ya ala nyingi zilisikika zikiwa wazi na zenye upweke, na maneno yake yakasikika upya.

Tatu, mwanga. Katika onyesho moja Curly anamtembelea Jud kibandani na kumshawishi, kwa maneno matamu, ajitie kitanzi. Anamchorea picha ya mazishi ambayo watu wote watamlilia. Katika maonyesho ya kawaida watazamaji walicheka. Fish alizima taa zote, ukumbi ukawa kiza totoro, na sauti mbili zikasikika zikinong'ona. Kisha uso wa Jud ukaonyeshwa kwa video ukiwa mkubwa ukutani, kila mshipa ukionekana. Maneno ni yale yale ya Hammerstein. Lakini hadhira ilitambua kwamba kijana mchangamfu tuliyempenda alikuwa akimsukuma mnyonge ajiue.

Nne, tamati. Katika toleo hili Jud haji na kisu. Anakuja na zawadi ya harusi, nayo ni bunduki, anamkabidhi Curly, kisha anasimama mbele yake. Curly anafyatua. Damu inayarukia mavazi meupe ya maharusi. Mahakama ya dharura inafanyika huku damu haijakauka, na wote wanaimba wimbo wa kulisifu jimbo lao kwa ukali badala ya bashasha.

Onyesho hili lilipata Tuzo ya Tony ya mwaka 2019 ya uhuishaji bora wa tamthilia ya muziki. Ali Stroker, aliyeigiza Ado Annie, alipata tuzo ya mwigizaji msaidizi wa kike, akawa mwigizaji wa kwanza anayetumia kiti cha magurudumu kutunukiwa Tony. Lilipopelekwa London, lilishinda pia Tuzo ya Olivier mwaka 2023.

Je, mwelekezi alivuka mpaka?

Hapa ndipo mhakiki anapopaswa kusimama na kupima. Je, Fish alifasiri au alizua?

Tuanze na yanayomtetea. Fasiri yake ina mihimili katika matini ya mwaka 1943. Curly kweli anamshawishi Jud ajinyonge, hilo halikuongezwa. Jud kweli analala peke yake katika kibanda ilhali wengine wanaishi nyumbani. Na muhimu zaidi, mahakama ile ya dharura imo katika matini ya awali. Mlinda sheria mmoja, Cord Elam, anapinga na kusema kwamba kesi ifanyike rasmi. Shangazi Eller anamzima, kwa sababu maharusi wana treni ya kuwahi. Jamii inaipinda sheria ili mpendwa wake asikose fungate. Hammerstein aliliandika hilo. Hadhira ya zamani iliruka juu yake kwa kuwa ilikuwa na haraka ya kushangilia. Mwelekezi alilazimisha tulitazame.

Yapo pia yanayompinga. Katika matini Jud si mwathiriwa tu. Anamtisha Laurey, na mapema kabla ya harusi anajaribu kumuua Curly kwa hila ya kifaa chenye kisu kilichofichwa ndani yake. Mkwaruzano wa mwisho ni shambulio lake yeye. Fish alipobadilisha kisu kuwa zawadi ya bunduki, aliondoa ushahidi ambao ungemtetea Curly. Mtazamaji anayesema kwamba mizani ililemezwa upande mmoja ana hoja yenye uzito.

Kwa maoni yetu, fasiri ya Fish ina nguvu zaidi katika onyesho la kibandani na la mahakamani, ambako hakuhitaji kubadilisha tukio lolote. Ina udhaifu katika kifo chenyewe, ambako alilazimika kuligeuza tukio ili lifuate hoja yake. Huo ni uamuzi ambao wewe msomaji unaweza kuupinga, mradi uupinge kwa ushahidi wa matini.

Kubadilisha wahusika na kubadilisha matini

Njia ya Fish si ya pekee. Mwaka 1970 Stephen Sondheim, akishirikiana na mwandishi George Furth, alitoa Company. Mhusika mkuu ni Robert, mwanamume wa New York anayetimiza miaka 35 akiwa hajaoa, huku marafiki zake waliooana wakimhimiza afunge ndoa. Mwaka 2018 mwelekezi Marianne Elliott aliionyesha jijini London akiwa amemgeuza Robert kuwa mwanamke, Bobbie. Mabadiliko ya maneno yalikuwa madogo yakilinganishwa na mabadiliko ya maana. Mwanamume wa miaka 35 asiyeoa huitwa mpenda raha. Mwanamke wa umri huo huulizwa atazaa lini. Swali lile lile la marafiki likawa na makali mapya, na suala la nafasi ya mwanamke likajitokeza mahali ambapo halikuwapo. Sondheim alikuwa hai na aliyaridhia mabadiliko hayo. Alihudhuria onyesho la matayarisho jijini New York mnamo Novemba 2021, siku chache kabla ya kufariki tarehe 26 mwezi huo. Toleo hilo nalo likapata Tony mwaka 2022.

Linganisha na yaliyoikumba Porgy and Bess, opera ya George Gershwin, DuBose Heyward na Ira Gershwin ya mwaka 1935, inayohusu maisha ya Waamerika weusi maskini. Mwaka 2011 mwelekezi Diane Paulus na mwandishi Suzan-Lori Parks waliiandaa upya. Walisema kwamba wahusika, hasa Bess, walihitaji kujengwa zaidi, na wakafikiria pia kuibadilisha tamati iwe na matumaini. Sondheim yule yule aliandika barua kali katika gazeti la New York Times mwezi Agosti mwaka huo, akipinga dharau aliyoiona dhidi ya watunzi ambao hawakuwapo kujitetea. Tamati mpya iliachwa. Onyesho lilifika Broadway mwaka 2012, likashinda Tony ya uhuishaji bora, na Audra McDonald akatuzwa kwa kumwigiza Bess.

Je, Sondheim alijipinga? Sivyo. Katika Company mtunzi aliulizwa akakubali. Katika Porgy and Bess watunzi walikuwa wamekufa. Lakini upande wa pili nao una hoja: opera ile iliandikwa na waandishi weupe kuhusu watu weusi, na Parks, mwandishi mweusi, alikuwa na haki ya kuuliza kama wahusika hao walipewa utu kamili. Heshima kwa mwandishi na heshima kwa wanaosawiriwa zinaweza kugongana. Mhakiki hana budi kuzitaja zote mbili kabla ya kuamua.

Mfano wa hapa kwetu

Usidhani, mtahiniwa, kwamba mambo haya ni ya ughaibuni tu. Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, iliyotafsiriwa kwa Kiswahili kama Nitaolewa Nikipenda, ni tamthilia iliyosheheni nyimbo na ngoma. Iliigizwa na wakulima na wafanyakazi wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, kuanzia Oktoba 1977, katika ukumbi usio na paa walioujenga wenyewe. Katikati ya Novemba serikali ilifuta kibali chake, na mwisho wa mwaka huo Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka.

Mnamo Mei 2022 tamthilia hiyo iliigizwa katika Ukumbi wa Kitaifa wa Michezo ya Kuigiza jijini Nairobi, kwa Kiingereza na kwa Gĩkũyũ. Fikiria tofauti. Mwaka 1977, aliyemwigiza Kĩgũũnda alikuwa mkazi wa kijiji kile kile, na mshahara duni uliotajwa jukwaani ulikuwa mshahara wa jirani aliyekaa kutazama. Mwaka 2022, waigizaji wa kulipwa walizungumza mbele ya wakazi wa jiji, na wengi wao hawakuwa wamezaliwa tamthilia ilipopigwa marufuku. Hatimiliki ya ekari moja na nusu ambayo Kĩgũũnda ameitundika ukutani ni ile ile. Lakini mtazamaji wa sasa, aliyesikia mengi kuhusu mikopo na mashamba yaliyopigwa mnada, huitazama karatasi ile kwa jicho lake mwenyewe. Hata pasipo kubadilisha neno, wakati umebadilisha onyesho.

Funzo kwa mwalimu na mtahiniwa

Waliosoma Kigogo ya Pauline Kea wanakumbuka kwamba mwanzoni Kenga anawaletea mafundi keki ya sherehe za uhuru. Sudi anaikataa ilhali Boza anaila. Mtahiniwa wa kawaida ataandika: Sudi ni mzalendo, Boza ni kibaraka. Si kosa, lakini hajafika mbali. Sasa mwambie awe mwelekezi. Boza ale vipi? Akila kwa pupa huku akicheka, ni mlafi. Akila polepole akimkwepa Sudi kwa macho, ni mtu anayejua anachokifanya na ana aibu nacho. Akila kama mtu aliyekosa chakula cha asubuhi, lawama inamrudia utawala uliomfanya aione keki kuwa neema. Haya ni majibu matatu. Swali ni hili: ni lipi linaloungwa mkono na maneno na matendo ya Boza katika sehemu nyingine za tamthilia?

Mwalimu mwenzangu, zoezi hili halihitaji ukumbi wala taa. Linahitaji wanafunzi watatu, dakika kumi na kitabu kilichofunguliwa. Kila kundi liigize tukio moja kwa namna yake, kisha litetee uamuzi wake kwa kutaja ukurasa. Wenzao waulize: umeyatoa wapi hayo? Kundi lisiloweza kujibu litakuwa limejifunza tofauti kati ya kufasiri na kuzua.

Nawe mtahiniwa, zingatia mambo manne unapojibu swali la tamthilia:

1. Soma maelekezo ya jukwaa kwa makini kama usomavyo mazungumzo. Kimya, kicheko au kutoka kwa mhusika ni ushahidi.
2. Tafuta tukio ambalo wasomaji wengi huliruka kwa haraka, kama ile mahakama ya dharura katika Oklahoma!. Mara nyingi hapo ndipo suala zito lilipojificha.
3. Usiishie kutaja sifa ya mhusika. Eleza sifa hiyo inamnufaisha nani na inamgharimu nani.
4. Taja hoja inayopinga msimamo wako, kisha uijibu. Anayetetea Jud bila kutaja kisu chake hatamshawishi yeyote.

Hitimisho

Tumeona njia tatu za kuhuisha: kuacha maneno na kubadilisha yanayoyazunguka, kubadilisha wahusika kwa ridhaa ya mtunzi, na kugusa matini yenyewe. Kadiri mwelekezi anavyoikaribia njia ya tatu, ndivyo mzigo wa kujitetea unavyomlemea. Ushupavu peke yake si sifa. Onyesho la Fish halikutuzwa kwa sababu ya kiza na damu, bali kwa sababu mtazamaji aliyerudi kuisoma matini aliyakuta mengi ya yale aliyoonyeshwa yamekuwapo tangu 1943, yakimsubiri msomaji asiye na haraka.

Maswali ya mjadala

(a) "Kifo cha mhusika mmoja huweza kuwa bei ya furaha ya jamii nzima." Jadili kauli hii kwa kurejelea tamthilia uliyoisoma.
(b) Chagua mhusika mkuu mmoja wa kiume katika tamthilia hiyo. Iwapo angekuwa mwanamke, ni maudhui gani yangebadilika, na ni yapi yangebaki? Thibitisha.
(c) Teua onyesho moja na ueleze jinsi mwanga, maleba na kimya vinavyoweza kulipa maana mbili zinazokinzana. Ni maana ipi inayoungwa mkono zaidi na matini?